Bapa halina kutu, skrubu ndizo zilizoniangusha

Kisu changu cha kukunja kina gramu 68 kwenye mizani ya jikoni. Mara nyingine najipapasa kuhakikisha kama nimekibeba. Mpini ni plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ndani, na bapa ni la chuma cha H1, ambacho naitrojeni imeshika nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni ili kisishike kutu kirahisi. Kazi yake ni kukata kamba na chambo ninapovua samaki, kwa hiyo kinashinda kwenye maji ya chumvi. Huu ni mwezi wa 14 na bapa halijapata hata doa.

Kwa sababu hiyo nikabweteka. Nilikuwa nakitia mfukoni kikiwa bado kinachuruzika. Siku moja nikaona michirizi ya rangi ya chai ikishuka kwenye mpini, nikajua nimeuziwa feki. Kukifungua, bapa linang'aa kama siku ya kwanza. Kutu ilikuwa inatoka kwenye skrubu 3 za klipu ya kukishikiza mfukoni, ambazo ni za chuma kingine kabisa. Tangazo halikudanganya: lilisifia bapa, skrubu likazinyamazia. Hapo nimekata nyota moja kwenye tathmini yangu.

Upande wa mafuta, nilichemsha mwenyewe. Kilipoanza kukwama nikakimiminia mafuta ya kupikia, maana ndiyo yaliyokuwa karibu. Kwa wiki mbili kilifunguka laini. Baadaye mafuta yakaganda, bapa likawa linanata kama limepakwa ulimbo. Nikahamia mafuta ya cherehani, ila kwa pupa ileile: nilimwaga hadi yakavuja. Pamba za mfukoni na mchanga vikanasa humo, na nilipokifungua nikakuta tope jeusi kwenye washa, zile pete nyembamba za kando ya bapa. Tope hilo linasaga kama msasa.

Siku hizi nikirudi nakifungua na kukisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha napitisha mswaki mkuukuu kwenye ile pengo ya nyuma ambamo kifungio kinaingia. Usiidharau pengo hiyo. Ikijaa mchanga, kifungio hakishiki hadi mwisho, na kisu kinaweza kukujia vidoleni. Nakikung'uta, nakiacha wazi kikauke kabisa, halafu nachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye mafuta na kugusisha kila upande wa pini ya kukunjia. Tone moja linatosha pande zote mbili. Nakikunja na kukikunjua mara ishirini hivi, kisha nafuta kila kinachojitokeza nje. Wanaokatia chakula watumie mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula. Zile dawa za kupuliza za kufukuza maji zinafukuza kweli, lakini ni nyepesi na hazikai, kwa hiyo usizihesabu kuwa ndiyo mafuta ya kulainisha.

Kikiwa kizito hata baada ya hapo, legeza kidogo sana ile skrubu kubwa ya pini ya kukunjia. Mimi niliizungusha nusu mzunguko na bapa likaanza kucheza kama jino bovu.

Lawama nyingine ni makali. H1 inapoteza makali mapema kuliko vyuma vigumu zaidi, kwa hiyo kila wiki nakipitisha kwenye jiwe. Ni dakika 5, silalamiki sana.

Zile skrubu za klipu nimezing'oa zote. Sasa kisu kinazama chini kabisa ya mfuko, kwenye funguo, na kukitafuta kwa mkono wenye chambo ni adha yake.