Samaki wanaokula mwani kwenye tangi lenye mimea: nani anunuliwe kwanza hapa Kigoma

Kabla ya kuuliza bei ya samaki, jua maji yako. Maji ya bomba mjini kwetu huvutwa Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uasidi na ubesi; 7 ndiyo katikati) kwa kawaida ni kati ya 8.6 na 9.2. Miongozo mingi huandikwa na watu wenye maji laini, ndiyo maana samaki anayeshika namba moja kwao anaweza kufa wiki hiyohiyo hapa Mwanga au Katubuka. Yalinikuta. Nilinunua oto sita, samaki wa Amerika Kusini wenye urefu wa sentimita 4 hivi, wanaosifiwa kwa kusafisha majani bila kuyatoboa. Muuzaji hakuniuliza natumia maji gani, nami sikujua kwamba ningepaswa kumweleza. Siku ya tisa hakubaki hata mmoja. Tangu hapo orodha yangu naipanga kwa kuanzia na maji.

Namba moja ni moli. Najua wengi humwona samaki wa kuanzia tu, lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako baadhi yao huishi hadi kwenye maji ya chumvichumvi karibu na bahari, kwa hiyo maji yetu magumu yanamfaa. Kutwa nzima anadonoa utando wa kijani kwenye kioo, mawe na majani, na nyuzi za mwani zikiwa bado changa. Hang'arishi tangi peke yake, ila anaishi, ananenepa na anaendelea kula. Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, maana madume wakizidi majike hawapati raha. Huzaa watoto hai karibu kila mwezi, kwa hiyo fikiria mapema utawapeleka wapi. Na usimshibishe: moli aliyejaa chakula cha dukani hana haja ya kuhangaika na mwani.

Wa pili ni ansistrasi, yule pleko (kambare wa mdomo wa kunyonya) mdogo wa sharubu. Hukomea sentimita 12 hadi 15, hufanya kazi usiku, na mdomo wake wa kunyonya hukwangua utando mgumu ambao moli anauacha. pH yetu iko juu kuliko anavyopenda, hivyo chagua mtoto aliyezalishwa tangini, umzoeshe maji kwa kumdondoshea kidogo kidogo kwa saa moja au zaidi. Mwekee gogo la kukwangua. Mmoja anatosha tangi la lita 100.

Hapa ndipo watu hununua vibaya. Pleko wa kawaida akiwa na sentimita 5 huuzwa pembeni ya ansistrasi, na muuzaji akikwambia wote ni sawa, usikubali. Huyo wa kawaida hupita sentimita 30 na kung'oa mimea kwa mkia. Usitafute sharubu, kwa sababu wadogo hawana bado. Tazama umbo: ansistrasi ana kichwa kipana kilichobapa na mwili mfupi, pleko wa kawaida ni mrefu, na pezi lake la mgongoni husimama kama tanga.

Wa tatu ni mla-mwani wa Siam. Ukiwa na ule mwani mweusi unaoota kama ndevu kwenye kingo za majani, mpandishe daraja, kwa kuwa ni wachache wengine wanaougusa. Halisi ana mstari mweusi unaofika hadi ndani ya pezi la mkia. Anaruka, kwa hiyo tangi liwe na kifuniko. Usimchanganye na mla-mwani wa Kichina, ambaye mara nyingi huuzwa akiwa wa rangi ya dhahabu: huyo akikua anakuwa mkali na huwanyonya wenzake ute wa ngozini. Mwache dukani.

Oto wamebaki wa mwisho. Wanunue tu ukiwa unakinga maji ya mvua na kuyachanganya na ya bomba, na tangi lako lina miezi kadhaa tangu lianze.

Wengine huniuliza kwa nini tusichukue trofeusi wa ziwa letu, na swali ni zuri, kwani hukwangua mwani kwenye mawe maisha yao yote na wanapendwa na wafugaji hadi Ulaya. Lakini ni wagomvi. Wanataka kundi la kumi na wawili au zaidi, tangi kubwa la mawe peke yao. Kati ya moli na mimea wataleta vita.

Kwa mimea, valisneria na anubia huvumilia maji haya. Usijaze samaki wengi: kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia yote inayotokana na taka zao huwa katika hali ya sumu, wakati kwenye pH 7 haifiki asilimia 1. Taa ziwake saa nane kwa siku, na tangi lisikae mbele ya dirisha linalotazama ziwa, maana jua la alasiri litakuzalisha mwani kuliko samaki yeyote awezavyo kula.

Pleko akikushinda ukubwa, mpe mfugaji mwingine au mrudishe dukani. Usimpeleke Kibirizi wala Katonga ukamwachia majini. Samaki wengi wa ziwa hili hawapatikani kwingine popote duniani.