Kituo cha plazma nilikokwenda na mafua

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitoa plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, katika kituo kimoja cha hapa Columbus, Ohio. Nasema kutoa, wala si kuchangia, kwa kuwa kwetu Tanzania anayechangia damu halipwi, ilhali hapa malipo huingizwa kwenye kadi kabla hujafika nyumbani. Naandika kuhusu siku niliyofika nikiwa na mafua, kwa sababu ndugu zetu wengi huuliza kama mtu mwenye mafua anaruhusiwa.

Ilikuwa zamu yangu ya pili katika juma hilo. Sheria za Marekani huruhusu mara mbili ndani ya siku saba, mradi ipite angalau siku moja katikati, na kituo hiki hulipa zamu ya pili zaidi ya ile ya kwanza. Mpango huo siupendi hata kidogo, maana ndio unaomtoa mgonjwa kitandani, naye akifika anashawishika kuficha hali yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemeza asubuhi dawa ya kufungua pua ili nisionekane nikipenga kamasi.

Hata hivyo, skrini iliponiuliza kama najisikia vizuri siku hiyo, nilijibu ukweli. Baada ya hapo niliachwa kwenye foleni kwa muda wa saa moja na nusu, nikipiga chafya katikati ya watu, bila mtu yeyote kusoma jibu langu, na hili ndilo kosa kubwa ninaloliona katika huduma yao.

Chumba cha vipimo ni habari nyingine kabisa. Kijana aliyenipokea alinichoma kidole, akavuta damu kwenye vijirija viwili vyembamba kama njiti ya kiberiti ili apime protini na wingi wa chembe nyekundu, kisha akapima joto, ambalo halikufika kikomo cha nyuzi 37.5, na shinikizo la damu, ambalo pia lilikuwa zuri. Mapigo ya moyo ndiyo yaliyonikwamisha: yalikuwa 104 kwa dakika, na kikomo chao ni 100. Alinipumzisha dakika kumi, akapima tena, yakawa 102, ndipo akamwita muuguzi.

Muuguzi huyo anastahili sifa zote. Hakunikaripia, aliniuliza nimetumia dawa gani, akanieleza kwamba dawa za kufungua pua huweza kuongeza mapigo ya moyo, na kwamba za kutuliza homa huweza kuficha joto ambalo kipimo kilipaswa kulionyesha. Alisema virusi vya mafua havijulikani kuenezwa kwa njia ya damu, tena plazma husafishwa kiwandani kabla ya kutengenezwa dawa, kwa hiyo hofu yake kubwa ilikuwa juu yangu na waliokaa karibu nami. Mashine huondoa mwilini zaidi ya nusu lita ya plazma, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, na mtu aliyeshinda bila kula wala kunywa vya kutosha kwa sababu ya mafua huweza kupata kizunguzungu au kuzimia akiwa bado na sindano mkononi. Aliniambia nirudi nitakapopona kabisa, akaongeza kwamba kama daktari angeniandikia antibayotiki, ningepaswa kumaliza dozi kwanza na kuwaarifu. Niliondoka bila malipo, lakini nikiwa nimeelewa, na hilo ni nadra katika ofisi nyingi nilizopita nchini humu.

Nilirudi baada ya siku tisa. Mapigo yalikuwa 78, kazi yote kitandani ilichukua dakika hamsini hivi, na nilipoanza kuhisi midomo ikiwashawasha kutokana na sitreti, dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine, mhudumu alipunguza kasi mara moja, bila mimi kumwita mara ya pili.

Siku hiyo niliacha maoni yangu kwa maandishi, nikiomba wabandike mlangoni tangazo linalomtaka mwenye mafua au homa amwone mhudumu kabla ya kuingia kwenye foleni, tena liandikwe pia kwa Kiswahili na Kisomali, kwa kuwa sisi ni wengi pale. Hadi juma lililopita mlango haukuwa na tangazo lolote.