Muvi ya zile fleti za St. Louis: mpangaji wa Nairobi aione

Jioni moja wiki jana tuliwekewa The Pruitt-Igoe Myth kwa holi ya mtaani, prodjekta na shuka nyeupe ukutani, na mimi naipea nyota nne na nusu kwa tano. Ni dokumentari ya 2011 ya Chad Freidrichs, inahusu Pruitt-Igoe, nyumba za serikali za jiji la St. Louis huko Marekani, majengo 33 ya floo 11 kila moja, watu walianza kuingia 1954 na kufika 1972 mengine yalikuwa yanalipuliwa na baruti.

Storii yenye imezoeleka ni ati maskini hawajui kukaa kwa fleti, ama arkitekti ndiye alikosea. Hii muvi inafuata pesa. Serikali kuu ilitoa ya kujenga, kurepea ikaachiwa renti ya wapangaji, sasa wenye uwezo wakahama nje ya jiji, kazi zikaenda nao, nyumba zikabaki wazi, lifti ikikufa inakaa hivyo, baridi ikija mabomba yanapasuka, na bado renti inapandishwa mpaka 1969 watu wakagoma kulipa.

Yenye ilinimaliza ni ya mama mmoja. Watu wa misaada walikuwa wamesema baba asikae hapo ndio familia isaidike, TV pia marufuku. Mama akapaka ukuta rangi nyeusi, watoto wakaandikia homuwaki na chaki. Holi ilinyamaza ji! Shosho wa nyumba za kanjo alikuwa kando yangu, akasema polepole, "hata sisi rangi tulijinunulia."

Tena lifti zao zilikuwa zinasimama floo ya 1, 4, 7 na 10 pekee. Mimi nakaa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, floo ya sita, lifti hakuna kabisa, maji nabeba na mtungi wa lita 20, na kwa payslipu nakatwa 1.5% ya mshahara ya kujenga hizi nyumba mpya za serikali. Kwa matangazo naona watu wakipewa funguo, sijawahi kusikia miaka kumi ikiisha lifti ikwame ni nani atalipa fundi.

Shida yake ni Kiingereza tupu, kijana mmoja alitutafsiria hadi sauti ikaisha, na ningependa wangekaa zaidi kwa maisha ya watu baada ya kuhamishwa. Lakini nimeitafuta nikaweka kwa flashi, keretaka amekubali tuioneshe juu ya ruufu Jumamosi, wapangaji wote wabebe viti.