Kitalu cha parachichi upande wa Kibosho, Moshi: viriba safi, njia zenye magugu

Wanunuzi wengi wa miche ya parachichi aina ya Hass hukagua majani na mahali mche ulipobebeshwa (ulipounganishwa na shina la mche mwingine), ilhali mimi huanza na udongo wa kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea mche, kwa kuwa humo ndimo magugu hupanda gari hadi shambani. Katika kitalu hiki viriba vilikuwa safi, na jambo hilo nalithamini kuliko punguzo lolote la bei.

Gugu ninalolihofia zaidi ni Eleusine indica, nyasi ya msimu mmoja iliyo ndugu wa karibu wa ulezi. Mtu yeyote wa Kilimanjaro anayeujua ulezi wa pombe ya mbege atalitambua kwa masuke yake yaliyotanuka kama vidole. Kabla halijachanua, litazame shinani: limebanwa bapa na lina weupe chini. Likikomaa, mizizi yake hushikamana na udongo kiasi kwamba kuling'oa ni kuhatarisha mche wenyewe, na shina moja lililostawi laweza kuzaa mbegu elfu kadhaa.

Wahudumu wa hapa wanalielewa hilo vizuri. Udongo na samadi huchanganywa, huloweshwa, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6 ili joto liue mbegu za magugu kabla ya kujazwa katika viriba, na nyasi chache zinazochipua baadaye hung'olewa zikiwa na majani mawili au matatu. Ni njia nzuri kwa Januari na Februari; Juni na Julai, mawingu yanapotanda Moshi, joto chini ya nailoni hupungua, hivyo ningependa waandae udongo wa mwaka mzima wakati wa kiangazi.

Kasoro iko kwenye njia na kuzunguka bomba la maji, ambako nyasi hiyohiyo imeachwa hadi ikatoa masuke. Nilielezwa kwamba hupulizia glaifosati, dawa ya kuua magugu, kila mara. Kutegemea dawa hiyo peke yake si salama, kwani usugu wa gugu hili dhidi yake ulikwisha kuthibitishwa nchini Malaysia katika miaka ya 1990. Pendimethalini, dawa nyingine ya magugu ambayo huzuia mbegu zinazoota lakini haiui nyasi iliyokwisha kukua, ingefaa zaidi njiani ikipuliziwa kabla ya mvua za Machi, baada ya kufyeka masuke na kuyaondoa kabisa kitaluni.

Nitanunua tena hapa, ila nitachagua miche ya safu za katikati, mbali na bomba.