Darubini ya kuhesabia tai na kozi: ipi ununue kwanza ukiwa Dar

Mwezi Machi, Dar ikisubiri masika, wengi tunatazama mawingu tukiwaza maji ya Jangwani. Mimi huyatazama kwa sababu nyingine pia. Ndege mbuai waliokimbia baridi ya kaskazini ndio wakati wao wa kurudi kwao. Tai wa nyika anarudi Kazakhstan, Urusi na Mongolia. Kozi wa Amur, kindege cha gramu 150 hivi, anarudi mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini ya China, na njiani anavuka bahari bila pa kutua.

Wako watu wanaowahesabu. Eilat, kusini kabisa mwa Israeli, wanakaa milimani kila majira ya kuchipua na kuandika tai mmoja mmoja. Kanada, mwaka 1992, Peter Sherrington aligundua kwamba tai dhahabu wanapita kwa wingi juu ya Milima ya Rocky karibu na Mount Lorette, na tangu hapo watu wanakwenda kuwahesabu. Hesabu za namna hii ni mojawapo ya njia za kujua ndege wanapungua. Tai wa nyika amewekwa tangu 2015 kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, nami kila nikimwona mmoja ninataka aandikwe mahali.

Sisi milima tunayo. Kuna Uluguru, kuna Usambara, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 unaondoka Dar alfajiri na saa mbili baadaye uko Morogoro. Kinachowakwamisha wengi ni darubini. Kila wiki naulizwa ninunue ipi, na anayeuliza karibu kila mara anataka inayovuta mbali zaidi. Hapo ndipo pesa inapopotea.

Ya kwangu ya kwanza niliinunua barabarani Kariakoo. Imeandikwa 60x60 kwa rangi nyeupe, lenzi zake nyekundu kama taa za nyuma za daladala. "Bosi, hii unaiona Unguja yote," muuzaji aliniambia. Nikaibeba hadi Morningside, juu ya mji wa Morogoro. Saa nne asubuhi likatokea kundi la kozi, linazunguka na kupanda na hewa ya joto. Nikainua darubini, nikapata doa la kijivu linalotetemeka katikati ya giza. Nikaishusha kuwatafuta kwa macho. Walikuwa wameshavuka ukingo wa mlima. Kundi lile halimo kwenye daftari langu, na bado linaniuma.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini zina maana rahisi. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 8x42 inakupa milimita 5.25, 10x42 milimita 4.2. Kadiri ukuzaji unavyopanda, eneo la anga unaloliona linabana na mtetemo wa mkono unakuzwa pamoja na ndege. Anayehesabu ana kazi ya kumpata ndege kwanza, na anga ni kubwa.

Nafasi ya kwanza: 8x42

Ukiwa na pesa ya darubini moja tu, nunua hii. Chukua mfano wa Vortex Diamondback HD, ambayo ipo kwa 8x42 na kwa 10x42. Ile ya 8 inakuonyesha upana wa mita 131 kwa umbali wa mita 1,000, ile ya 10 mita 110. Mita 21 zinaonekana kidogo kwenye karatasi. Mlimani ndizo zinazoamua kama kundi lote limo ndani ya duara au nusu yake iko nje.

Na kundi lina tabia yake. Ndege wakiwa wanazunguka kwenye hewa inayopanda usijaribu kuwahesabu, utamhesabu mmoja mara tatu. Subiri wafike juu. Hapo wanaacha kupiga duara, wanakunja mabawa kidogo na kuteleza kuelekea kaskazini wakifuatana kama watu wanaopanda pantoni. Ndipo unahesabu, mmoja mmoja kama ni wachache, kumi kumi kama ni wengi. Kwa 8x42 unaushika mstari wote bila kuhangaika, na hata baada ya saa tano za kutazama mikono bado inatii.

Kwa bei za nje, Diamondback HD na Nikon Monarch M5 zinacheza kati ya dola 200 na 350. Ukiweza kuongeza, Nikon Monarch M7 ya 8x42 ina upana wa mita 145, na kwa kazi hii huo ni utajiri. Juu kabisa kuna Swarovski na wenzake, zaidi ya dola 2,000. Ni nzuri kweli, lakini kwa mtu anayeanza ningesema tofauti hiyo iende kwenye nauli za safari kumi za Morogoro.

Nafasi ya pili: 10x42

Wahesabuji wengi wazoefu wanaipenda hii, na wana hoja. Tai akiwa mbali, zile mara mbili za ziada zinakuonyesha kama bawa lake limenyooka au limeinuka, mkia mrefu au mfupi. Kama mkono wako umetulia na tayari unamjua shakivale, mbuai mwenye mabawa mapana, kwa umbo lake tu, ichukue. Mwanafunzi asianze nayo.

Nafasi ya tatu: 10x50 ya mtindo wa zamani

Ni zile zenye mabega mapana. Kwa pesa ndogo unapata picha safi kuliko darubini nyembamba ya bei hiyohiyo. Uzito wake utausikia shingoni, na nyingi hazizuii maji, jambo ambalo kwenye masika si dogo. Kwa bajeti ya mwanafunzi wa chuo naiunga mkono.

Nafasi ya nne: darubini ya jicho moja na stendi yake

Chombo kizuri cha kutambua tai aliyeko kilomita mbili, kibaya cha kumtafuta. Kinunuliwe na kikundi, mkichanga, baada ya kila mmoja kuwa na yake ya mkononi. Stendi iwe nzito, maana upepo wa kilimani unaitikisa nyepesi hadi huoni kitu.

Zile ndogo za kukunja, 8x25 na 10x25, zinafaa uwanja wa mpira. Na zenye zumu, yaani za kubadili ukuzaji, pamoja na zote zinazodai kukuza mara 60 au 180, usinunue kwa bei yoyote.

Jinsi ya kuijaribu kabla ya kulipa

Hapa mjini maduka mengi yana kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi", kwa hiyo majaribio yote yafanyike kabla pesa haijatoka mfukoni. Mwombe muuzaji mtoke nje. Akikataa, ondoka.

Ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ielekeze kwenye mwanga. Utaona viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za macho. Viwe duara kamili. Vikiwa vimekatwa pembeni kama mraba, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Kisha tazama mstari ulionyooka, kama ukingo wa paa la ghorofa, kwa dakika mbili nzima. Ukihisi macho yanavutwa, au mstari unajigawa mara mbili, mirija yake miwili haiko sambamba, na kichwa kitakuuma mchana kutwa.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu wamejaa kila mahali, nao ni weusi dhidi ya anga jeupe, sawasawa na tai utakaowaona mlimani. Mfuate mmoja akiruka. Ukingo wa bawa lake ukizungukwa na rangi ya zambarau au kijani, lenzi haijatengenezwa vizuri, na rangi za tai wa mbali zitakuchanganya. Siku moja pale Feri niliwaona kunguru watano wakimfukuza mwewe juu ya mabanda ya samaki. Nilikuwa na darubini mbili mkononi, moja yangu na moja ya kuazima. Kwa ile ya kuazima, 10x42, nilimpoteza alipopinda kuelekea majini. Kwa 8x42 niliuona mkia wake wenye panda, na jinsi alivyokuwa akiusokota kugeuka.

Ukivaa miwani, ijaribu ukiwa umeivaa. Kwenye maelezo tafuta umbali wa jicho (eye relief), yaani nafasi kutoka lenzi hadi jicho, wa milimita 15 au zaidi, vinginevyo utaona tundu dogo tu katikati.

Mtumba, na unyevu wa Dar

Darubini nzuri hupatikana pia kwa wageni wanaohama nchi. Nimepata mbili hivyo. Imulike kwa tochi ya simu kupitia lenzi ya mbele, huku ukitazama ndani. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, imeingia fangasi. Hata ikiuzwa kwa bei ya soda, iache.

Fangasi ndiye adui mkubwa wa mji wetu. Ndiyo maana nasisitiza darubini iliyojazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa, maana hewa yenye unyevu haiingii. Hata hiyo usiifungie kwenye mkoba wake wa ngozi. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko mzuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ikinyeshewa, ifute na uianike kivulini kabla ya kuifunga.

Ukiagiza kupitia ndugu anayetoka nje, mwambie atunze risiti. Ukinunua hapa, dai ya EFD. Vortex wana dhamana ya maisha na hawaulizi risiti, lakini kampuni nyingi huuliza.

Bado vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni mkanda wa mabegani, ule unaopita mgongoni, ili shingo isibebe gramu 600 kutwa nzima. Cha pili kiko Kariakoo tele: tasbihi ya kidole ya kidijitali. Unabonyeza kwa kidole gumba bila kutoa macho kwenye darubini, kila ndege mbonyezo mmoja, au kila kumi mbonyezo mmoja kama kundi ni zito. Nunua mbili, kozi na shakivale kila mmoja na yake, na uzirudishe sifuri kila saa baada ya kuandika kwenye daftari.