Uzoefu wangu na ckpool kama msingi wa seva ya kundi la wachimbaji Bitcoin

Ukitaka kujenga seva ya kundi lako la wachimbaji, usipoteze miezi kuandika upya Stratum, yaani itifaki ambayo seva na mashine za kuchimba huzungumza kwayo. Kazi hiyo Con Kolivas ameshaimaliza kwenye ckpool: imeandikwa kwa C, leseni ni GPLv3, na haina mapambo. Kinachobaki ni hesabu ya nani alipwe nini. Hiyo ndiyo programu utakayoiandika mwenyewe.

Kuisimamisha ni suala la dakika chache. Kwenye Ubuntu weka build-essential, yasm na libzmq3-dev. Ukichukua msimbo kutoka git ongeza autoconf, automake na libtool, kisha ./autogen.sh, ./configure, make. Mzigo wenyewe ni nodi ya bitcoind, programu ya Bitcoin Core inayofuatilia mnyororo wa bloku. Lazima ishushe historia yote, zaidi ya GB 600, hata kama umeiwekea prune, yaani ifute bloku za zamani na kubakiza kidogo. Diski iwe SSD, la sivyo utasubiri hadi uchoke.

Panapowasumbua wengi ni taarifa ya bloku mpya. Ukiweka "notify" : true kwenye ckpool.conf, ckpool huacha kuiulizauliza nodi na hungoja kuamshwa na programu ndogo iitwayo notifier, ambayo nodi huiita kupitia mstari wa blocknotify. Sasa, faili ya systemd inayokuja na Bitcoin Core ina PrivateTmp=true, na soketi za ckpool, yaani faili ambazo programu nyingine huongea nayo kupitia kwazo, hukaa /tmp/ckpool. Nodi inaona /tmp yake yenyewe, notifier haikuti soketi, na wewe huambiwi kitu. Mashine zinaendelea kuchimba juu ya bloku iliyopitwa hadi update_interval, muda wa kuwatumia wachimbaji kazi mpya, itimie, yaani sekunde 30. Jasho la bure. Hamishia soketi nje ya /tmp kwa -s, upande wa ckpool na upande wa notifier pia.

Jambo la pili ni startdiff, ugumu wa kuanzia anaopangiwa mchimbaji, ambayo huja ikiwa 42. Ugumu ukiwa mdogo, mashine hutuma hisa nyingi, yaani vithibitisho vya kazi yake. Piga hesabu: mashine ya TH 100 (hashi trilioni 100) kwa sekunde, gawanya kwa 42 × 2^32, unapata hisa kama 554 kila sekunde. ckpool huurekebisha ugumu ili hisa ije moja kila sekunde 3 hivi, kwa hiyo mashine hiyo itatulia karibu na 78,000. Lakini umeme ukikatika na mashine 200 zikarudi kwa mpigo, seva inapokea mafuriko. Mimi huweka 50,000. Kifaa kidogo cha TH 1 kitaanza kwa hisa moja kila dakika tatu na nusu, na si tatizo. Ila usikielekeze kwenye poti iliyo juu ya 4000: huko ugumu wa kuanzia ni 1,000,000, na hisa ya kwanza itachukua wastani wa zaidi ya saa nzima. Mwenye kifaa atakwambia seva imekufa.

Halafu hesabu zenyewe. Iwashe ckpool kwa -L, nayo itaandika kila hisa kama mstari wa JSON kwenye faili za sharelog. Kila mstari una diff na sdiff. Diff ni ugumu aliopangiwa mchimbaji. Sdiff ni ugumu ambao hisa yake imeufikia kwa bahati. Lipa kwa diff. Ukijumlisha sdiff, mtu mmoja aliyepangiwa 50,000 akaangukia hisa ya milioni 900 atawafunika wenzake wote, na programu yako haitaonyesha kosa lolote. Mistari iliyokataliwa nayo imo humo humo, basi chuja kwa result kabla ya kujumlisha.

Nasoma faili hizo kwenda PostgreSQL, safu ya hash ikiwa na kizuizi cha upekee, ili kusoma faili mara mbili kusizae malipo mara mbili. Mstari wa mwisho usio na alama ya kufunga uache hadi mzunguko ujao, bado unaandikwa. Salio liwe satoshi, kipimo kidogo kabisa cha bitcoin, kwa namba kamili, bigint, kamwe si desimali. Na zawadi ya bloku, 3.125 BTC tangu Aprili 2024 pamoja na ada, haitumiki hadi bloku 100 zaidi zipite juu yake, kama saa 17. Mpaka hapo iandike kama deni.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa maelezo: mengi ya haya utayakuta kwa kusoma stratifier.c, na faili hiyo ni ndefu kweli.