Kibanio cha mimea cha seremala: kinafaa, ila usikubali kamba

Vibanio vya mbao wanavyochonga maseremala wa hapa Dodoma kwa wanafunzi wa botania vinafaa kabisa kukaushia sampuli za hebaria, yaani mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa. Kipimo cha sentimita 45 kwa 30 kiko sawa: gazeti lililokunjwa mara moja linaingia bila kutokeza.

Chukua cha fito zilizopishana, si cha plaiwudi nzima. Plaiwudi inafungia unyevu ndani, na huku maua mengi hupatikana Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, kwa hiyo ukungu hauchelewi. Kiangazi hewa kavu inakusaidia, lakini miti mingi imeshapukutisha majani.

Kasoro kubwa ni kamba ya katani ya kufungia kibanio. Mmea ukikauka unasinyaa, mzigo unapungua unene, kamba inalegea, na jani lisilobanwa hujikunja. Weka mikanda miwili ya kukaza, kama ya begi, uivute kila asubuhi.

Panga hivi: kipande bapa cha boksi lenye mifereji, gazeti lenye mmea ndani, kipande cha boksi tena. Mifereji ya boksi ielekee upande mfupi, hewa ipite njia ya karibu. Badilisha magazeti baada ya saa 24 za mwanzo. Hapo majani yamelainika bila kukakamaa, ndiyo nafasi yako ya kuyanyoosha na kugeuza jani moja lionyeshe mgongo. Mvua zikikolea, badilisha mara mbili kwa siku. Kujua kama mmea umekauka, ugusishe shavuni: ukihisi ubaridi, bado una maji.

Mbuyu unahitaji uangalifu. Ua lake hufunguka jioni na kesho yake limeshaanza kunyauka, basi lichume usiku huohuo, ulipasue kwa urefu kabla ya kulibana. Tunda halibaniki, lifungie namba ileile ya sampuli. Vijani vya mkwaju na mgunga hupukutika vikikauka, viwekee bahasha. Mnyaa na mishubiri huendelea kuishi ndani ya kibanio kwa wiki kadhaa, kwa hiyo vichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, dakika moja hivi. Utomvu wa mnyaa usiguse macho, ni hatari kweli.

Kabla ya kulipa, pitisha kiganja upande wa ndani wa fito. Kichwa cha msumari kilichochomoza kitatoboa gazeti na jani lililo ndani yake. Mwambie fundi akizamishe palepale.